Mbuzi wa Darini

Safari yenyewe ya siku tatu, Kutaisi hadi Tbilisi,
kwa ajili ya macho ya Nugzari.
Jumatano asubuhi daktari atamtoa mtoto wa jicho,
na mimi mkewe nina kazi moja tu:
kutafuta pa kulaza vichwa viwili
vyenye jumla ya miaka mia na arobaini na tatu.

Mwanetu Zaza alipendekeza mnara wa vioo kando ya mto.
Lifti sita, alisema, na kifungua kinywa aina arobaini.
Nikatazama picha. Kitanda cheupe, ukuta mweupe,
shuka imenyooka kama barua isiyo na habari.
Ningeshtuka humo usiku nisijue niko mji gani,
karne gani,
au kama nimeshakufa.

Dada yake akataja chumba cha bei poa jirani na stesheni.
Huko nakujua. Ujanani nililala huko na kunguni,
na kunguni hawazeeki.

Ikabaki ile nyumba ya Sololaki.
Aliijenga mfanyabiashara wa tumbaku, enzi za farasi,
akaipa roshani ya mbao iliyotobolewa kama lesi.
Wakaja wenye amri, wakaigawa kwa familia kumi na moja:
jiko moja, choo kimoja, foleni ndefu ya ndoo na ugomvi.
Sasa ni hoteli ya vyumba tisa.

Kizuri chajiuza, nilijisemea, kibaya chajitembeza,
lakini siku hizi vyote viwili vina picha nzuri.
Nikapiga simu.

Alipokea mzee, sauti yake kama kiti kinachoburutwa.
Jina lake Valiko. Nikamuuliza, chumba kikoje?
Hakusifu. Alishusha pumzi, akaanza kuungama:
"Mama, mlango wa namba saba haufungi mpaka uunyanyue,
kama unamsaidia mlevi kusimama.
Maji ya moto huja yakipenda.
Vidato vya ngazi ni ishirini na sita, cha kumi na nne hulia.
Na darini kuna doa la mvua ya mwaka juzi.
Wageni wengine wanaona ramani. Mimi naona mbuzi."

"Anatazama wapi?"

"Dirishani," akasema, papo hapo, bila kufikiri.

Nikalipia siku tatu.

Zaza alinuna. Magoti ya baba! Vidato ishirini na sita!
Nikamwambia, angalau Valiko amevihesabu.

Tukafika Jumanne, mvua inanyesha.
Nugzari siku hizi huuona uso wangu
kama kitu kilichosahauliwa ndani ya maziwa.
Lakini alikuwa fundi madirisha miaka thelathini na minane,
na mkono wake ulipotua kwenye reli ya ngazi ukasimama.
"Mwaloni," akasema. Akapanda kidogo, akapapasa maua ya kuchonga.
"Aliyechonga hapa alikuwa wa mkono wa kushoto."
Valiko, nyuma yetu na sanduku, akanyamaza kabisa.
Nyumba aliyokaa maisha yake yote,
na hilo hakulijua.

Cha kumi na nne kikalia. Nugzari akakikanyaga tena, makusudi.

Mlango aliunyanyua kwa bega kabla sijamwambia.
"Bawaba ya juu imechoka. Alhamisi nitaitazama."
Nikalisikia hilo neno, nitaitazama,
nikajifanya natafuta soksi.

Taa ilipozimwa, mwanga wa barabara ukapanda darini.
"Kuna nini huko juu?" akauliza. "Unapumua kama mtu anayecheka."
Nikafungua mdomo.
"Hapana, acha. Usiniambie. Niwekee."

Basi nikalala na siri ya watu wawili, mimi na Valiko:
pembe moja fupi, ndevu, mguu wa nyuma umeyeyukia ukutani.
Kweli anatazama dirishani.
Ndani ya ukuta mabomba yakaanza kugonga,
maji ya moto, yakipanda taratibu,
na sisi tumeshalala na vumbi la safari miguuni.